Dende (simbilisi) hali, anahara, anapiga chafya: kagua nyasi kavu kabla ya kutafuta dawa

Mvua za Septemba zikirudi Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, habari ninazoletewa huwa zile zile. Dende alikuwa mzima kiangazi chote, sasa ameacha kula. Dende anapiga chafya usiku kucha. Dende tumbo limekuwa kama ngoma. Karibu kila mtu huuliza anunue dawa gani. Mimi huuliza nyasi zilikatwa wapi, zilikaukia wapi, na mfuko wake umewekwa wapi. Mara nyingi tatizo huwa limejificha katika mojawapo ya majibu hayo matatu.

Dende ninayemsema ndiye kobayi, na vitabuni utamkuta akiitwa simbilisi. Wengi hapa kwetu humfuga kwa ajili ya nyama na kuuza. Mimi ninaandika hasa kwa ajili ya wale wawili watatu wanaoishi nyumbani na watoto, wenye majina, ambao tunataka wafikishe miaka yao mitano hadi minane. Asili yake ni milima ya Andes, nchi ya majani makavu na magumu, na mwili wake bado uko hivyo. Ana meno 20, na yote hayaachi kukua. Utumbo wake una kifuko kikubwa ambamo vijidudu huvundika nyuzi za nyasi, na lazima kifuko hicho kipate kazi bila kukoma. Nyasi ndizo zinazomsaga meno na kuusukuma utumbo. Kwa hiyo nyasi kavu safi ziwe mbele yake mchana na usiku, na fungu la siku moja lisipungue ukubwa wa mwili wake. Mboga na matunda ni nyongeza tu. Mabaki ya ugali na wali hayamo kabisa.

Usisome zaidi, mpeleke kwa veterineri, ikiwa:

- hajala chochote kwa saa 12, au hajatoa kinyesi muda huo wote;
- tumbo limevimba, ni gumu, na analia ukiligusa;
- anapumua kwa nguvu, mbavu zinaingia na kutoka, au anatoa sauti kifuani;
- anahara maji maji na amelegea;
- jicho limekuwa jeupe au la samawati, au analifumba kabisa;
- mkojo una damu, au anajikamua bila kukojoa;
- jike mwenye mimba ameacha kula ghafla.

Dende huficha maumivu mpaka nguvu zimwishie, kwa hiyo ukiona dalili wazi ujue tayari umechelewa kidogo. Usingoje kesho.

Na kuna jambo moja ninaloomba kila mfugaji alishike. Usimpe dende amoksisilini, ampisilini wala penisilini ya kunywa. Hizi ndizo dawa rahisi kupata farmasi, na ndizo zinazoua dende wengi waliokuwa na mafua tu. Zinaua vijidudu vizuri vya utumbo, vile vibaya vinaongezeka na kumwaga sumu, na baada ya siku chache mnyama anahara na kufa. Mimi nilimpoteza dende wa binti yangu hivyo. Muuzaji wa dawa aliniambia kwamba sirapu ya mtoto mchanga haiwezi kumdhuru mnyama, nami nilimwamini kwa sababu nilikuwa na haraka. Siku ya nne tulimzika nyuma ya nyumba.

Dalili ya kwanza: hali nyasi, au anazichambua na kuziacha

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba nyasi zenyewe hazifai. Chukua konzi moja, uisogeze mwangani. Nyasi nzuri bado zina ukijani, majani ni mengi kuliko mabua, na harufu yake ni kama ya chai kavu. Zikiwa za manjano tupu, mabua matupu, bila harufu, hizo ni za kulalia. Majani ya mpunga na mabua ya mahindi yako kundi hilo hilo: yanafaa kutandikwa, hayamshibishi. Matete yaliyozeeka yana vinywele na kingo zinazokata mdomo. Kata machanga, yasiyozidi urefu wa kiuno chako, kisha ukaushe majani peke yake bila bua.

Sababu ya pili: zimelaliwa na kukojolewa. Dende hali nyasi zenye mkojo wake, na hapo ana haki. Zinyanyue kutoka sakafuni. Kitanda kidogo cha vijiti au kikapu kilichofungwa ukutani kinatosha, mdomo wake uwe kiasi cha sentimita 10 kutoka chini ili ale bila kunyoosha shingo wala kuinama sana. Badilisha kila asubuhi na kila jioni, hata kama za jana zimebaki.

Sababu ya tatu: ameshiba vitamu. Mama mmoja wa Kadutu aliniambia dende wake "anakataa nyasi tangu azaliwe". Nilipomuuliza anakula nini, alinitajia maganda ya ndizi, karoti, vipande vya mkate na viazi vitamu, asubuhi na jioni. Tulipunguza vitamu hatua kwa hatua kwa siku kumi, nyasi mpya zikawekwa kwanza asubuhi akiwa na njaa, na mboga zikasubiri mpaka saa kumi jioni. Alikula. Usivikate vyote kwa siku moja, kwani utumbo wake haupendi kushtuliwa.

Kagua maji pia. Anayekula nyasi kavu hunywa zaidi kuliko anayekula mbichi, kama mililita 100 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Bakuli likikauka, nyasi nazo zinabaki.

Kama nyasi ni nzuri, safi, maji yapo, na bado anazisogelea, anazishika mdomoni kisha anaziangusha, au kidevu kimelowa mate, basi ni meno. Inua mdomo wa juu utazame meno ya mbele: yawe sawa, yasipinde wala kuvuka. Ya nyuma huwezi kuyaona kwa macho matupu, na ndiyo yanayomea mpaka kuchoma ulimi. Usijaribu kuyakata kwa mkasi wa kucha. Jino hupasuka mpaka mizizini. Hiyo ni kazi ya veterineri.

Katika safari ya kwenda kwake unaweza kumsaidia hivi, endapo tumbo ni laini tu: twanga nyasi kavu nzuri kwenye kinu, chekecha, koroga unga wake na maji ya uvuguvugu, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, huku ukimwacha atafune. Tumbo likiwa gumu, usimpe kitu.

Dalili ya pili: nyasi zina vumbi, joto au harufu ya ardhi

Hapa mnyama hajaumwa bado. Lakini ndipo matatizo mengi ya Bukavu yanapoanzia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mji wetu uko kwenye kimo cha kama mita 1,500, mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na hata siku ya jua ukungu wa ziwa huingia jioni. Kiangazi cha Juni hadi Agosti nyasi hukauka kwa siku mbili au tatu. Mwezi wa Novemba nyasi zile zile zitakauka juu na kubaki na maji katikati ya bua. Mtu anazishika, anasikia zinakwaruza, anazishindilia mfukoni. Baada ya wiki mfuko una joto, baada ya wiki mbili una unga mweupe au wa kijivu. Huo ni ukungu. Kuvu hao wanaumiza mapafu, na wengine hutoa sumu ya ini. Kuzipiga nyasi vumbi litoke, au kuzianika tena juani, hakuondoi sumu. Mfuko wote uutupe, au upeleke kwenye shimo la mbolea. Najua ni kazi ya siku nyingi inayotupwa. Itupe.

Ili usifike huko:

Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, kabla hazijatoa mbegu. Ngoja umande uondoke, kama saa nne asubuhi. Usikate kando ya barabara ya kwenda Kavumu wala barabara nyingine yenye magari mengi, wala chini ya migomba na mboga zilizopuliziwa dawa, wala ufukweni pale takataka za mji zinapotupwa, wala mahali mbwa wanapopitia. Nyasi za milima ya Kabare, zile fupi zinazotambaa ambazo ng'ombe huzipenda, ni nzuri sana kwa sababu bua lake ni jembamba na hukauka haraka. Setaria ni nzuri pia, lakini ichanganye na nyingine, kwani ina oksalati nyingi inayoshika chokaa (kalsiamu) ya mwili.

Kiangazi, tandaza safu nyembamba juu ya bashi (turubai) au mkeka, geuza mara tatu kwa siku, ingiza ndani kabla ya magharibi. Kipindi cha mvua sahau jua. Funga vifungu vidogo unavyoweza kuvizungushia vidole, vitundike chini ya paa la baraza mahali upepo unapopita, au utandaze juu ya kichanja cha mianzi. Itachukua wiki, pengine zaidi. Zilizokaukia kivulini hubaki kijani kuliko za juani, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Kisha zipime, usiamini mkono peke yake. Vunja bua nene kuliko yote: likatike kwa sauti, lisipinde. Likwaruze kwa ukucha: lisitoe unyevu. Kwa uhakika zaidi, katakata konzi moja, weka ndani ya chupa ya kioo iliyokauka pamoja na kijiko cha chumvi kavu ya mezani, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikishikana au kung'ang'ania kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15, nyasi zirudi kichanjani. Chumvi ikibaki inatiririka, unaweza kuweka akiba.

Akiba ikae kwenye mfuko wa mchele uliofumwa, unaopitisha hewa. Mfuko wa plastiki usiopumua unakusanya jasho. Inua juu ya mbao, kwani sakafu ya saruji hutoa unyevu kipindi cha mvua. Usiiweke jikoni juu ya makala (makaa): moshi unaingia kwenye nyasi na baadaye kwenye pua ya mnyama. Usiiweke panya wanapopita, maana mkojo wao huleta magonjwa. Siku ya pili na ya tano ingiza mkono mpaka katikati ya mfuko. Ukisikia joto, mwaga zote na uzianike saa hiyo hiyo. Hapo bado hujachelewa.

Ukinunua sokoni, omba kufungua mfuko mpaka chini. Juu huwa pazuri kila mara. Niliwahi kununua mifuko miwili iliyopambwa juu kwa nyasi za kijani na chini imejaa mabua meusi. Tangu siku hiyo ninauingiza mkono wangu kwanza, na muuzaji asiyependa ninamwachia mzigo wake.

Kwa wenzetu wa Goma: majivu ya volkano ya Nyiragongo yakianguka, msikate nyasi hizo mpaka mvua kadhaa zizioshe, na heri kukata mbali na njia ya moshi. Majivu hayo husaga meno, na hubeba floraidi inayodhuru meno na mifupa.

Dalili ya tatu: kinyesi laini, kuhara, tumbo kujaa

Kinyesi cha afya ni vipunje vigumu, virefu kidogo, vinavyofanana. Kikiwa laini lakini mnyama anachangamka, mara nyingi sababu ni majani mabichi mengi kwa ghafla, hasa mwanzo wa mvua kila kitu kinapochipua. Siku moja au mbili za nyasi kavu na maji tu hurudisha hali. Usimwondolee nyasi kavu "apumzishe tumbo". Kwa dende tumbo lililopumzika ni tumbo linalokufa.

Sababu inayofuata ni nyasi mbichi zilizolala ndani ya mfuko. Mtu anakata jioni, anafunga, asubuhi anakuta zina uvuguvugu na harufu kama ya pombe. Hizo zimeanza kuchacha, na tumboni zitaendelea kutoa hewa. Zilizokatwa zitandazwe mara moja.

Halafu kuna majani mabaya yaliyochanganyika. Mimea yenye sumu haipotezi sumu yake yote kwa kukauka, na ikikauka dende hawezi tena kuitambua na kuiacha. Pekua kila fungu. Toa majani ya parachichi, ambayo huku yanaanguka kila uwanja. Toa majani ya viazi vya mviringo na ya nyanya, sombe mbichi (majani ya muhogo), lantana ya uani yenye maua ya rangi rangi, na aina zote za kangaga, mmea wa msituni wenye matawi kama manyoya ya ndege. Majani ya viazi vitamu hayana neno. Maganda makavu ya maharagwe yaangalie vizuri, maana punje mbichi zinazobaki ndani ni sumu.

Kuhara maji maji, au tumbo gumu kama ngoma, rudi kwenye orodha ya juu. Usimpe dawa ya kuhara ya watu, wala mafuta, wala chumvi ya Kiingereza.

Dalili ya nne: chafya, macho kutoa maji

Ute mweupe kama maziwa ambao dende huutoa machoni na kujipangusia uso ni wa kawaida. Kinachosumbua ni pua yenye ganda, chafya za mfululizo, macho yenye ukoko.

Anza na vumbi. Peleka nyasi nje, zikung'ute dhidi ya mwanga wa jua. Zikitoa wingu, hizo ndizo sababu. Kama ni vumbi la udongo tu bila harufu ya ukungu, zikung'ute vizuri na utumie. Kisha angalia kizimba chenyewe: mkojo uliokaa siku tatu hutoa hewa kali inayochoma pua. Inama, weka pua yako kimo cha pua yake. Moshi wa jikoni unafuata. Wengi wetu tunawaweka dende jikoni kwa sababu ya joto na wezi, na mapafu yao hayawezi kuustahimili moshi huo mwaka mzima.

Ukirekebisha hayo na siku tatu zikapita bila nafuu, au akaacha kula, ni maambukizi. Kuna vidudu ambavyo mbwa na sungura hubeba bila kuumwa, lakini dende huvipata na kupata homa ya mapafu, kwa hiyo usimfuge ndani ya kizimba kimoja na sungura. Veterineri anazo dawa ambazo dende huzivumilia, wewe usichague mwenyewe.

Jicho moja tu likitoa machozi, shuku bua lililomchoma. Kishona-nguo ndiye mbaya zaidi: mbegu zake zina miba inayojishika machoni, kwenye fizi na chini ya ulimi. Ndiyo sababu nyingine ya kukata kabla ya mbegu. Osha jicho kwa maji ya chumvi ya hospitali yaliyo safi, na umpeleke siku hiyo hiyo. Usitie dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine: nyingi zina kotizoni (dawa ya kutuliza uvimbe), na juu ya kidonda cha jicho kotizoni hulipasua.

Dalili ya tano: hataki kutembea, manyoya yamesimama, fizi zinatoa damu

Watu husema ni baridi. Mara nyingi ni upungufu wa vitamini C. Dende, kama sisi, hawezi kuitengeneza mwilini, na nyasi zikikauka vitamini hiyo inapotea karibu yote. Anayekula nyasi kavu peke yake kiangazi chote huanza kuumwa viungo baada ya wiki chache, magoti yanavimba, analia akishikwa.

Anahitaji kiasi cha miligramu 10 kwa kilo ya mwili kila siku, na jike mwenye mimba hadi 30. Kipande cha pera lililoiva cha gramu 10, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kinampa karibu miligramu 20. Puvuroni (pilipili hoho) mbichi vipande viwili hufanya kazi hiyo hiyo. Usiitie vitamini kwenye maji, inaharibika haraka na inabadilisha ladha akaacha kunywa. Aliyekwisha kuvimba viungo anahitaji kipimo kikubwa zaidi, na hicho kitolewe na mtaalamu.

Dalili ya sita: mkojo mzito, mweupe sana, au wenye mchanga

Alama nyeupe kidogo ikikauka si kitu. Mchanga mchanga, ndiyo. Dende hufyonza chokaa kuliko anavyohitaji na kuitoa kwenye mkojo, hivyo mtu mzima anayelishwa luzerni, desmodiamu (malisho ya jamii ya kunde) au majani ya maharagwe kila siku hutengeneza mawe. Hayo yawe ya wadogo, wenye mimba na wanaonyonyesha. Wengine wabaki na nyasi za kawaida. Lusina, mti wa malisho, iache kabisa, inawanyonyoa manyoya.

Dalili ya saba: kujikuna mpaka vidonda

Wadudu wa ngozi. Hawa mara nyingi hutoka kwa dende mwenzake mgeni kuliko kwenye nyasi, lakini nyasi walizolalia wanyama wengine huwaleta pia. Badilisha matandiko yote, na umtenge mgeni wiki mbili kabla ya kumchanganya. Unga wa kuua wadudu wa shambani au wa mbwa usiupake. Dawa ya sindano ipo, lakini kipimo chake hutegemea uzito kwa gramu.

Hapo ndipo mizani ya jikoni inapokuwa rafiki yako. Mpime kila Jumapili, andika ukutani. Aliyepungua gramu 50 kwa wiki moja ana tatizo hata kama anakurukia ukifungua mlango. Veterineri wengi wa hapa wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa, kwa hiyo muulize mapema, kabla hujawa na mgonjwa, kama amewahi kutibu dende. Ofisi ya mkoa ya kilimo, uvuvi na mifugo inaweza kukuelekeza. Ukienda, chukua ile karatasi ya uzito, vipunje vya kinyesi vya leo, na konzi ya nyasi kutoka chini ya mfuko.